Mgeni Asiyesema Shida Yake

Nyinyi mliokunja miguu hapo, hebu niambieni: mmewahi kuona njia ikisinzia? Sisemi mpita njia. Njia yenyewe, imelala, inakoroma.

Hamjawahi? Basi, Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya walioahidiwa chakula? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Paliondokea maji, yakajikalia.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado na aibu, palikuwa na mfereji. Waliuchimba wenyewe, kwa kucha na kwa pembe, kutoka kinamasi cha Matete mpaka ziwani. Kingo zake zote mbili zilikuwa tope, tope la kummeza tembo ukabaki mkonga. Kwa hiyo hakuna aliyetembea. Maji ndiyo yaliyokuwa njia.

Mwenye mtumbwi alikuwa Fisimaji, mama mwembamba, jina lake Nyamizi. Alivusha wote: wenye magunia, wenye wagonjwa, wenye maneno mengi. Chubwi! Chubwi! Kasia likaingia, kasia likatoka. Ukungu ulimfungulia njia asubuhi kama pazia. Mwanawe mmoja tu, Kalunde, aliishi na bibi yake kule ziwani. Kila safari ya ziwani Nyamizi alimnusa utosini, kisha akarudi Matete na abiria wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake, na ilimtosha.

Siku moja alfajiri, abiria wamejaa, kitu kikaja kinaelea. Kijani. Kimevimba mashavu. Kichwani kina ua la zambarau, laini kama usingizi wa mtoto.

"Wallahi huyu mrembo!" akasema Bata.

Nyamizi akainua kasia akisukume kando.

"Wee, Mama Kalunde!" akafoka Kobe. "Unamsukuma mgeni? Kwenu hawakukufunza?"

Kasia likabaki hewani. Maana desturi ya mfereji ilikuwa hii: kinachokuja kinaelea ni mgeni. Na mgeni hasukumwi, haulizwi mara mbili, hatolewi, mpaka aseme mwenyewe shida iliyomleta. Akishasema, anasaidiwa, anaagwa, anakwenda. Desturi nzuri. Iliokoa wengi waliobebwa na mafuriko.

Wakamsalimu. Mgeni kimya. Wakamuuliza shida yake. Kimya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu wakampa. Wakalilaza jembe juu ya majani yake, polepole. Jembe likazama. Dubwi!

"Amekataa kazi," akasema Kobe.

"Hajakataa," akajibu Korongo, katibu wa Baraza la Mfereji, ndege aliyesoma ng'ambo akarudi na shingo ndefu zaidi. "Hajajibu. Technically, hayo ni mambo mawili tofauti."

Wakangoja ajibu. Naye Mgeni akazaa. Nyatu, nyatu, nyatu. Akazaa mwana, mwana akazaa mjukuu, wakashikana mikono juu ya maji. Zambarau huku, zambarau kule. Harufu yao tamu ikapanda na ukungu, na kila aliyeivuta macho yakawa mazito. Bata alianza sentensi asubuhi akaimalizia jioni. Vyura waliimba wakasahau kiitikio. Hata mwangwi ulipoitwa ulirudi umechelewa, unapiga miayo. Mkondo ukapunguza mwendo. Ukasimama. Ukalala. Na njia ikalala.

Chubwi ya kasia ikawa kwaru. Kwaru, kwaru, kwama.

Baraza likakaa. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, Mheshimiwa, mwenye kidimbwi chake binafsi palipo na kivuli. Wakafanya semina kuhusu Mgeni. Wakafanya semina kuhusu ile semina. Wakala samaki walioletwa kutoka mbali, maana samaki wa mfereji walikuwa wanaelea, matumbo juu. Nyamizi akauliza, "Sasa sisi wenye mitumbwi?" Korongo akanyoosha shingo: "Dada, relax. Tuko kwenye mchakato."

Mchakato! Neno hilo, ndugu zangu, ndilo mto wa kulalia wa wakubwa.

Ikawa asubuhi moja, Mdiria, ndege mvuvi mwenye mdomo kama sindano, akashuka mbio kwenye mtumbwi wa Nyamizi. "Mama Kalunde! Bibi kanituma. Mtoto anaungua! Homa. Hali chakula, hacheki, macho yamepanda juu!"

Nyamizi akadaka kasia.

Mganga wa homa ile alikuwa mmoja, Nungunungu wa Matete. Na dawa yake ni ya kufukiza, inahitaji shimo la mganga na moshi wake. Haibebeki mdomoni mwa ndege. Kalunde lazima aletwe.

Nyamizi akasukuma mtumbwi. Kwaru, kwama. Akasukuma tena. Kwama. Akatupa kasia mtumbwini, akapiga mbizi, si fisimaji? Lakini chini kulikuwa kweusi. Mizizi ilining'inia kama nywele za mzimu, na maji hayakuwa na pumzi. Ikamshika shingo, ikamshika mguu, taratibu, kwa upole, kama inayombembeleza. Akaponea chupuchupu, akatoka anakohoa tope.

Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa?"

"Mwanangu anakufa upande wa pili. Naomba ruhusa nimng'oe Mgeni, upana wa mtumbwi tu."

Kiboko akafumba jicho moja. "Desturi, mwanangu. Mgeni hajasema shida yake."

"Mtoto atakufa tukimngoja aseme!"

"Tutaleta rambirambi."

"Kwa wakati," akaongeza Korongo, aliyesimama ubavuni mwake.

Nyamizi akawatazama. Akarudi mtumbwini, akalala kifudifudi, sikio lake akaliweka sawasawa na maji. Baraza lilikuwa limemuuliza Mgeni kwa pembe na ngoma, kutoka kwenye viti. Hakuna aliyeinama.

Harufu ikamzunguka. Macho yakawa mazito. Anga ikashuka, maji yakapanda, akawa haogelei wala haelei. Akasema kwa sauti ndogo, kama amwambiavyo Kalunde, "Mgeni, shida yako nini?"

Na sauti ikatoka chini, sauti nyingi katika moja, nyororo, za usingizini.

"Hatuna shidaaa."

"Mlikuja kutafuta nini?"

"Hatukujaaa. Tuliletwa. Kiboko alituona mbali huko, akapenda ua letu. Akatubeba mdomoni, akatupandikiza kidimbwini kwake, tumpambe. Tukajaa. Akachoka nasi. Akatusukumia mferejini kwa pua."

"Na sasa mnataka nini?"

"Hatutaki kitu, mamaaa. Tunakua tu."

Nyamizi akashtuka, akazinduka. Machozi na jasho. Mwanawe anaungua, njia imefungwa, na aliyeifunga hana hata haja nayo!

Akasimama. Akachomeka kasia katikati ya majani, akapindua. Ng'waa! Mizizi ikatoka inadondosha maji meusi. Akaitupa mtumbwini.

"Haramu!" akalia Kobe, akizinduka nusu. "Laana! Mgeni hajasema!"

"Kasema!" akapaza Nyamizi.

"Kasema nini?"

"Hana shida! Hakuja, kaletwa! Na aliyemleta ni Kiboko!"

Kisha Bata, mpenda warembo, akapanua macho. "Kumbe? Alaa! Sisi tunamkirimu mgeni wa mtu, mwenyewe kajifanya hamjui?" Akaruka majini. Akavuta jani kwa mdomo. Kobe akajikuna shingo, akafikiri, akaona desturi haikuvunjwa: mgeni kasema, aagwe. Akaingia, akalifanya gamba lake kabari. Vyura wakaja. Ndezi wakaja na meno yao. Na Nyamizi akaanzisha:

"Mgeni kasemaaa!"

"Kasema nini?"

"Hana shidaaa!"

"Mng'oe!"

"Kaletwa na naniii?"

"Tunamjua! Mng'oe!"

Ng'waa! Ng'waa! Mkondo ukafumbua jicho. Ukajinyoosha. Mfereji ukapata ufa, ufa ukawa uchochoro, uchochoro ukawa upana wa mtumbwi. Chubwi! Nyamizi akapita. Akafika ziwani, akamchukua Kalunde kutoka mikononi mwa bibi. Mtoto alikuwa moto kama jiwe la jikoni, mwepesi kama nyoya.

Kurudi, ndugu zangu, ndiko kulikuwa kazi. Majani yalikuwa yanasogea, yanakaribiana, zambarau kwa zambarau, yanaimba ule wimbo wao wa usingizi. Kope za Nyamizi zikashuka. Akajing'ata ulimi. Akamwimbia Kalunde kwa sauti kubwa, wimbo wowote, mbovu, mzuri, ilimradi asilale. Mbele Bata anapasua kwa mbawa. Ubavuni Kobe kajikaza, majani yanamkandamiza, analia, "Pita, Mama Kalunde! Pita, gamba linaniuma!" Akapita. Nyuma yake maji yakajifunga, kimya, kama hakupita mtu.

Nungunungu alikuwa ameshawasha shimo. Wakamfunika mtoto, wakamfukiza. Moshi ukapanda, jua likateremka. Nyamizi kashika mguu mmoja mdogo wa mwanawe.

"Chyaa!" Kalunde akapiga chafya. Akafungua macho. "Mama, samaki."

Nyamizi akacheka, akalia, akacheka tena.

Kesho yake, sikieni vituko. Korongo akapuliza pembe. Ladies and gentlemen, Mheshimiwa Kiboko leo anazindua njia ya maji! Utepe umefungwa, matete kwa matete. Wakubwa kwenye viti. Na njia yenyewe, ile iliyopasuliwa kwa meno na magamba, ilishaanza kusinzia tena.

Ndipo mtumbwi ukaja. Chubwi, chubwi. Umejaa Mgeni mpaka pomoni, majani na mizizi inayonuka. Nyamizi hakuamkia. Akaupindua mzigo wote palepale mbele ya pua ya Kiboko. Bwata!

"Mheshimiwa, mgeni wako huyu. Wengine wako njiani. Sisi tumeshamsikia, sasa mpokee."

Kiboko akamgeukia Korongo amsemee. Korongo akatafuta Kiingereza, hakukipata.

Ngano yangu nimeisindikiza mpaka hapa. Wenye miguu waendelee nayo. Na funzo lake ni hili, bila mafumbo: kumheshimu mgeni ni uungwana, lakini anayefunga njia ya watoto wako si mgeni, ni gugu, na gugu hung'olewa. Na aliyelileta asikae kivulini wenzake wakiloa.

Basi nyinyi wakubwa wa mifereji, mliopandikiza maua mkaita maendeleo, mnaotuambia tusubiri mchakato huku mitumbwi inaoza: vueni viatu. Kunjeni suruali. Ingieni majini, mng'oe mlicholeta, mbele ya macho yetu. Leo!