Bakuli la Maji la Hamadhani

Wamesimulia waliotutangulia, nasi twayapokea kwao huku ujuzi wa yaliyofichika tukimwachia Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji wa Hamadhani, huko kwenye milima ya Uajemi, aliishi mja mwema aliyeitwa Sheikh Bundari bin Farrukh, na kazi yake ilikuwa kupima maji.

Hamadhani ni mji mkongwe, ndugu zangu. Ulikuwa mji mkubwa kabla babu wa babu yake Bundari hajazaliwa. Wafalme wa kale walikimbilia huko kila kiangazi kukwepa joto la nchi za chini, wakajenga kuta juu ya kuta. Kisha wafalme wakaenda zao, na kuta zikawa kilima cha udongo ambacho kondoo hupanda kutafuta majani. Kilichobaki ni mlima Arwandi na theluji yake, na baridi. Msiichukulie mchezo baridi ya Hamadhani. Mtungi ukisahauliwa nje unapasuka, na mzee akiinuka kutoka kwenye sijida magoti yake yanasikika safu ya tatu. Watu wa huko walikuwa wakarimu mno: mgeni akibisha hodi atalazwa karibu na moto, na mwenye nyumba atalala mlangoni. Lakini uwaguse kwenye maji! Hapo ndugu na ndugu hawajuani.

Sasa, mfereji mmoja tu ndio ulioteremka kutoka mlimani kuja kwenye bustani za mji. Ili watu wasitoane macho, wazee wa zamani waliweka utaratibu. Palikuwa na birika la mawe lililojazwa maji, na juu ya maji hayo huwekwa lielee bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, kiasi cha kupita sindano. Maji huingia taratibu kupitia tundu hilo mpaka bakuli linazama, na hicho ndicho kipimo kimoja. Asubuhi, mtaa wa juu walipewa maji kwa muda wa mabakuli kumi na tano. Kuanzia adhuhuri, mtaa wa bondeni walipewa kumi na tano yao. Yakitimia, mfereji hufunguliwa kwenda kwenye mashimo ya watengeneza ngozi, ambao kazi yao hainywi maji mazuri wala haichagui saa.

Sheikh Bundari alilikalia birika hilo miaka ishirini na mbili. Hakupokea hata tini moja kutoka kwa mwenye bustani, na alikuwa haongei kazini, isipokuwa ulimi wake uko katika kumtaja Mola wake. Kila bakuli alilisomea uradi wake wote, na akimaliza huwaombea wazazi wake. Lakini miaka ya karibuni, asubuhi aliumaliza uradi, akawaombea wazazi, na bakuli bado linaelea. Alasiri lilizama hajafika kwenye dua ya wazazi. Naye akawa anajilaumu, akisema moyoni, "Uzee huu. Nikishakula tu, ulimi unakuwa mzito." Akaomba msamaha kwa uvivu wake na kuendelea.

Bondeni aliishi mjane aliyeitwa Bibi Mahbanu, mkunga, mwenye bustani ndogo ya miaprikoti, ile miti ya kule yenye matunda madogo ya manjano wanayoyakausha kwa ajili ya majira ya baridi. Bustani yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mfereji. Kwa miaka sita mfululizo aliona maji hayafiki tena kwenye safu yake ya nyuma. Safu ikakauka. Ikafuata ya pili. Mwishowe alikwenda kwa Kadhi akasema, "Kadhi wetu, mabakuli yetu ni mafupi kuliko ya wenzetu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtengeneza ngozi mmoja, Firuzi, aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe, akasema, "Bakuli ni moja, tundu ni moja, mpimaji ni mmoja. Au Bibi anataka jua lisimame amalize kumwagilia?"

Sheikh Bundari hakucheka, ila aliumia sana. Akaapa mbele ya Kadhi kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba hajawahi kumpunja mtu hata tone. Nani asingemwamini? Kadhi akampa Mahbanu siku saba: Ijumaa alete ushahidi, au asimame uani mwa msikiti amwombe radhi Sheikh mbele ya watu. Asipofanya hivyo, ataandikwa kuwa ni mzushi, na ushahidi wake hautapokelewa tena maisha yake yote. Na habari ya uzushi haingoji Ijumaa. Wiki ile ile wanawake wawili wenye uchungu wa uzazi waliita mkunga mwingine. Mjane wa watu akabaki hana maji wala wa kumwita.

Siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, paka alipita ukingoni mwa birika na panya aliyekufa mdomoni, akamwangusha ndani ya maji. Sheikh Bundari, kwa jinsi alivyokuwa mkali wa tohara, alilimwaga birika lote, akalisugua, akalijaza upya kutoka mfereji ule wa theluji. Kisha akaliweka bakuli lielee na kuanza uradi. Akaumaliza. Akawaombea wazazi wake. Akatazama, na bakuli linaelea.

Hapo ndipo alipokumbuka. Miaka sita nyuma, magoti yalipozidi kumsumbua, alikuwa amewaomba vijana walihamishe birika kutoka kivulini mwa ukuta wa msikiti, waliweke juani, apate joto kidogo. Hakuna aliyeona ubaya, wala yeye. Kila alfajiri lilijazwa maji ya barafu. Ikifika adhuhuri maji yale yale yalikuwa vuguvugu. Alhamisi asubuhi mapema, kabla ya kwenda kazini, akajaribu nyumbani kwa vyombo viwili na bakuli lile lile moja, mara tatu. Katika maji baridi bakuli lilizama polepole. Katika maji ya moto kidogo lilizama upesi. Hakuwa mwizi, la. Lakini bonde lilikuwa limepunjwa miaka sita, na aliyewapunja ni yeye, kwa ajili ya magoti yake.

Mkewe, Bibi Khatuni, akamkuta amekaa mbele ya mkate hajaumega.

"Baba, huli?"

Akamweleza yote. Kisha akasema, "Nimefikiri hivi. Leo hii nitalirudisha birika kivulini, na kila adhuhuri nitabadilisha maji. Bonde litapata haki yake kamili. Hakuna haja ya kelele."

Bibi Khatuni akamega mkate, akamwekea mkononi. Halafu akasema, "Ni vizuri. Na jina la Mahbanu nalo utalirudisha kivulini kimyakimya?"

Sheikh Bundari akauweka mkate chini. Mkate ule hakuula. Siku nzima alikuwa kwenye vita, nasi tusimcheke, kwa maana miaka ishirini na mbili ya heshima ni kitu kizito kukitua mbele ya watu wanaokutazama. Nafsi ilimwambia, hukukusudia. Ikamwambia, hata kiapo chako hakina dhambi, uliapa ulivyojua. Na yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana yalikuwa mabaya.

Ijumaa baada ya sala, ua wa msikiti ulijaa. Bibi Mahbanu alisimama kando ya wanawake, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Kadhi akamwita. Akapiga hatua mbili, akafungua mdomo, na Sheikh Bundari akasema, "Kadhi, subiri. Mimi ndiye mwenye maneno leo."

Akaagiza waje na vyombo viwili, kimoja cha maji ya mfereji, kingine cha maji yaliyokaa juani. Akaliweka bakuli lielee kwenye maji baridi na kuwataka watu wote wamsalie Mtume kwa sauti, wahesabu. Wakahesabu. Likazama. Akalitoa, akalikausha kwa kilemba chake, akaliweka kwenye maji ya jua. Safari hii walikuwa bado wako mbali sana na hesabu ya kwanza bakuli lilipozama. Firuzi, ambaye alihesabu kwa sauti kuliko wote, alibaki mdomo wazi, kisha akaangalia viatu vyake.

"Bibi huyu amesema kweli," Sheikh akasema. "Mabakuli ya bonde yalikuwa mafupi. Nililihamisha birika juani kwa kutafuta raha yangu, nikaapa kwa nisichokijua, na mkamwita mzushi kwa sababu yangu. Nami nina bustani ndogo; maji yake nayatoa kwa bonde kwa miaka sita ijayo. Na bakuli hili nalirudisha kwa Kadhi, sistahili kulishika."

Kadhi akalipokea bakuli. "Kiapo chako, uliapa kwa ulivyoamini, Mola ni Mwenye kusamehe," akasema. "Ama mengine, haki ni ya Bibi Mahbanu. Yeye ndiye atakayehukumu."

Watu wote wakamgeukia. Yule mjane alikuwa analia, na hakikuwa kilio cha huzuni.

"Mimi nilikuja kuomba radhi," akasema. "Wallahi, nilikuwa nimekwisha kujiandaa. Miaka sita namwomba Mungu aniondolee dhana mbaya kwa mja wake, na haitoki. Nikasema basi, labda akili yangu ndiyo imeharibika, mtu mzima naota maji. Kumbe nilikuwa mzima. Alhamdulillahi, nilikuwa mzima."

Akapangusa uso kwa ncha ya ushungi, akamkabili Kadhi.

"Maji yake nimeyapokea kwa niaba ya jirani zangu. Lakini bakuli mrudishie. Wapimaji wasiokosea siwajui, na mkinipa mmoja sitamwamini. Huyu nimeshamjua kwamba akikosea atasema."

Sheikh Bundari akakaa chini pale pale kwenye mawe, mzee mzima, akalia kama mtu aliyeshushwa gunia la chumvi mgongoni. Kadhi akamwekea bakuli mapajani. Na inasemwa kwamba kabla ya magharibi ya siku ile ile walikuja watu wawili mbio bondeni kumwita mkunga, na mmoja wao alikuwa mkwe wa Firuzi.

Ndugu zangu, kosa la bahati mbaya ni jepesi kulirekebisha gizani, na mtu akajiona ameshalipa. Basi tujiulize, tulipokuwa tunalirekebisha, ni nani aliyekuwa bado amesimama juani akiitwa mwongo kwa ajili yetu. Mola atujaalie ulimi unaomwahi mtu huyo kabla hajapiga hatua ya tatu.