Maji ya Kumpa Mgeni

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwaaa!

"Pakawaaa!"

Enzi hizo wanyama walikuwa na majumbe wao, na mto mmoja ulipita vijiji vitatu. Juu alitawala Ngiri, katikati Tumbili, chini kabisa Bi Kobe. Kila kijiji kilichota maji pale mto unapoingia, kikamwaga taka pale unapotoka. Na kila kijiji kikajiona kisafi!

Bi Kobe alikuwa na mjukuu, Mwatumu. Mwatumu akaharisha, akaharisha, macho yakaingia ndani, hata uji akaukataa.

"Atakufa, bibi?"

Ngojeni basi, wanangu.

Bi Kobe akatambaa, akatambaa, mpaka kwa Tumbili. Desturi ya huko, mgeni hupewa maji kwanza, na mwenyeji huyaonja mbele yake. Tumbili akaleta kata ya maji ya kule yanakoingia, maangavu kwa macho.

"Ahsante, jumbe mwenzangu. Lakini nipe ya kule yanakotoka kijijini kwako, mnakomwaga taka."

"Yale? Yale hapewi mgeni!"

"Mjukuu wangu ndiyo anayokunywa."

Kumnyima mgeni maji ni aibu. Tumbili akachota, akaonja, akatema, puu! Akafuta ulimi kwa mkia.

"Si mimi peke yangu, Bi Kobe. Ngiri naye ananishushia makubwa."

Wakapanda wote wawili, wakapanda, mpaka kwa Ngiri. Huyo kwa majivuno! Hata mkewe alikuwa akimsengenya mtoni, mimi nimeambiwa tu.

"Tupe ya kule yanakotoka kijijini kwako," wakasema.

"Mpaka wangu ni ule mgomba. Yaliyopita mgomba hayanihusu."

Mkewe akadakia, "Baba Vumbi, wageni waondoke na kiu? Uso wangu nitauficha wapi?"

Ngiri akachota pale mgombani na kugugumia kata nzima, gu gu gu! Mnajua kilichompata?

"Akaharisha!"

Hata nyuma ya mgomba hakufika.

Aliporudi akasema, "Nikisafisha mimi tu, Tumbili atachafua."

"Nikisafisha mimi tu, yako yatapita," Tumbili akajibu.

"Ndiyo maana tumekuja wawili," akasema Bi Kobe.

Wakakubaliana: kuanzia hapo kila kijiji kitachota maji ya kunywa pale mto unapotoka kwake. Loo, wanawake wa kwa Ngiri walivyonung'unika! Lakini nani tena angemwaga taka kwenye mtungi wake mwenyewe? Majalala yakahamishwa mbali na kingo.

"Na Mwatumu?"

Mto hausafiki kwa siku moja, wanangu. Basi watu wa Ngiri wakateka maji ya chemchemi, wakayafikisha mpakani. Watu wa Tumbili wakayapokea, wakayashusha mpaka kwa Bi Kobe. Mwatumu akanyweshwa kidogo kidogo. Asubuhi moja akafumbua macho: "Bibi, uji wangu uko wapi?"

Bi Kobe akacheka huku analia.

Mpaka tumeuweka sisi, mto hauujui. Unakomwaga wewe, kuna mtoto wa mtu anakinga. Ngano yangu imetua hapo, anayeitaka na aibebe.