Gugu Walilotupiana

Hapo zamani, si zamani sana, maana kamba za nailoni zilikwisha kufika, Bi Sichana na Bi Kazija walilima mwani baharini, viwanja vyao vimepakana. Kati yao palikuwa na njia nyembamba na ugomvi mpana.

Gugu moja la kahawia lilipenda kuzisonga kamba za Bi Sichana. Kila maji yakipwa aling'oa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalitupa kwa Kazija. Kazija naye akaliokota, akalirudisha. Likaenda, likarudi, likaenda, likarudi, miaka saba. Na salamu hazikukatika.

"Umeamkaje, shoga?"

"Salama, shoga." Na gugu likipita hewani.

Siku moja Kazija alikosea shabaha, likaangukia njiani. Shuwena, mtafiti kutoka mjini, alilikanyaga, akateleza, akakaa majini. Mwingine angelilaani; yeye alilitia mfukoni.

Baada ya miaka mitatu alirudi.

"Kuna kitu nimekitoa ndani ya lile gugu," alisema. "Kwenye kisahani cha kioo kimezuia seli za saratani zisikue. Kwenye mwili wa mtu bado hatujui. Ila lazima nikipe jina, na jina ni moja tu."

Bi Sichana alizishika kamba zake. Mdogo wake, Miza, alifariki kwa saratani ya titi, na mpaka leo yeye hufunga kamba moja ya mwani kwa niaba yake.

"Kiitwe Miza," alisema. "Gugu limeota kwangu, nimeling'oa mimi."

"Uliling'oa uwatibu watu?" aliuliza Kazija.

"Nililing'oa nikuudhi wewe," alikiri Bi Sichana.

"Basi kiitwe Kazija. Ningelinyamazia, lingeozea kwangu. Aliyelifikisha njiani ni mimi."

"Wazee wangu," alisema Shuwena, "miaka saba mlilishika mkaona silaha tu. Aliyeanguka ni mimi, aliyehangaika nalo miaka mitatu ni mimi. Mkishindwa kuelewana nami kabla maji hayajajaa, nitaandika namba."

 Miza alikufa akiitwa kitanda namba kumi na nne.

Maji yakafika vifundoni, yakafika magotini. Hakuna aliyeondoka, na karatasi ya Shuwena bado nyeupe.

Haya, nyinyi mliocheka na nyinyi mliojizuia: aliyeling'oa, aliyelitupa, aliyelikanyaga, au yule asiyekuwepo? Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?