Mzee Kakakuona na Jeneza Lisilofunguliwa

Hapo zamani za kale, ila si kale sana maana redio zilikuwa zimeshaingia, Mzee Kakakuona alikuwa akiishi kijiji cha Vichuguuni. Alikuwa mfupi, mwenye magamba mwili mzima na mdomo usiochoka. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto walikuwa mjini, na kazi iliyombakia ilikuwa kusikiliza habari na kuzigombeza.

Kila siku akishakula mchana, alichukua mkeka wake akaenda makaburini. Alikaa kando ya kaburi la rafiki yake, Mzee Digidigi, akaanza:

"Digidigi! Chura amesema redioni kwamba maji yapo ya kutosha. Unasikia? Chura huyo huyo, ngozi imemkauka mpaka akitembea inalia kwaru, kwaru! Na barabara yetu imeshatengenezwa, wamesema. Mimi asubuhi nimetumbukia shimoni humo humo kwenye barabara iliyotengenezwa."

Digidigi alipokuwa hai walisikiliza habari pamoja, wakabishana mpaka chai ikapoa. Kisha kikaja kiangazi kibaya, homa ikamchukua Digidigi. Kakakuona hakuona kwa nini amkatizie rafiki yake habari eti kwa sababu amekufa.

"Na vijana wa siku hizi," aliendelea, "wakisikia msiba wanatuma pole kwa simu. Mtu hata viatu hajavaa, ameshahani!"

"Shemeji, unamchosha marehemu," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Bi Digidigi, mjane wa rafiki yake. Alikuja taratibu, akikohoa, akaketi upande wa pili wa kaburi. Alikuwa amekonda sana.

"Angekuwa hai angeshanikatiza zamani," alisema Kakakuona. "Kikohozi vipi, shemeji?"

"Hakiponi hiki. Lakini hakinitishi. Nimeshajiandikisha kwa Bwana Fisi. Nikifa nitalazwa hapa hapa, ubavuni kwa mume wangu. Nikilikumbuka hilo napata usingizi."

Sasa huyo Bwana Fisi, wanangu, alikuwa na kampuni ya mazishi iliyoitwa Pumzika Salama. Vifo vilipozidi kwa sababu ya njaa na homa, alikuja na mkokoteni, tai nyeusi imefungwa shingoni, akawaambia wanakijiji: "Mmechoka, ndugu zangu. Niachieni mimi! Nitaosha, nitavisha, nitapiga misumari. Bure kabisa! Ila jeneza halifunguliwi. Mambo ya kuaga maiti ni ya kizamani, yanaleta magonjwa."

Watu walikuwa wamechoka kweli. Wakakubali. Na msibani Fisi alilia, "Uwiii! Uwiii!" kuwashinda wafiwa. Kiangazi kikamkondesha kila mtu kijijini, lakini yeye tai ilikuwa inambana shingo.

Siku moja akafa Bi Panyabuku. Punda wawili walibeba jeneza lake huku wanahema. Walipofika kwenye mteremko, ndani ya jeneza kukasikika: kodo! kodo! kodo!

Mzee Kakakuona akasimama. Sauti hiyo alikuwa ameshaisikia. Ilikuwa siku ya Digidigi, na siku ile alidhani ni masikio yake ya kizee. Sasa akakumbuka kwamba homa ilikuwa imemkausha Digidigi mpaka upepo unamsukuma, na bado waliombeba walikuwa wamepinda migongo.

"Bwana Fisi," aliita, "mbona panya ana uzito wa nyati?"

"Mauti ni mazito, mzee wangu."

"Na hiyo kodo kodo?"

"Hayo ni... ni mapambo ya ndani. Usijali, mzee wangu. Msiba wenu ndiyo shibe ye... ndiyo shida yetu!" Fisi akatoa leso haraka. Badala ya kufuta macho, akafuta mdomo.

Mchana huo Mzee Kakakuona hakuwasha redio. Aliogopa, na aliyemwogopa hakuwa Fisi. Alimwogopa Bi Digidigi. Akinyamaza, shemeji yake atakufa na raha yake, halafu ataliwa. Akisema kwamba Digidigi hayumo kaburini, atamfisha mume wa mwenzake mara ya pili. Na hata akisema, nani atamwamini? Kijiji kizima kilimjua kwa kulalamika. Alilalamikia mvua, barabara, simu na chumvi. Wangesema, mzee ameanza tena.

Mwishowe akafunga mkeka wake akaenda kwa mjane.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Habari za leo?"

"Nzuri. Nimekufa."

"Heee! Umekuwaje wewe?"

"Nenda kwa Kasuku, yule mtangazaji wa redio, ukatangaze kifo changu. Kisha umwambie Fisi aje kunichukua."

"Mambo ya kifo hayafanyiwi mchezo, shemeji!"

"Sifanyi mchezo. Na usiniulize kitu, maana ukiniuliza nitakujibu."

Bi Digidigi alitaka kuuliza, akaacha. Akajitanda kanga yake akatoka.

Kakakuona akarudi kwake, akawasha redio, akajilaza. Haukupita muda ikalia: "Kriii! Kriii! Tangazo la kifo! Bi Digidigi wa Vichuguuni anasikitika kutangaza kifo cha Mzee Kakakuona. Habari ziwafikie watoto wake popote walipo. Marehemu alikuwa mpole na mwenye maneno machache. Mazishi ni alasiri. Jeneza halitafunguliwa!"

"Mpole!" alinguruma marehemu kitandani kwake. "Maneno machache! Redio hii haijawahi kusema kweli hata mara moja!" Kisha akasikia magurudumu ya mkokoteni, akajikunja kama mpira na kubana magamba yote.

"Hodi!" alisema Fisi, akacheka. "Hodi ya nini tena, na mwenye nyumba amekufa?" Akamtia guniani, puu! Akampeleka moja kwa moja jikoni kwake.

"Leo umeleta nini, mume wangu?" aliuliza mkewe. "Nazi?"

"Kakakuona."

Akamnyanyua, akafungua kinywa. Kach!

"Mamaaa! Jino langu!"

"Si tumchemshe?"

"Atachemka saa ngapi huyu? Watu wanangoja. Mwache, tukirudi tutamwokea makaa. Lete mawe."

Mawe yakaingia jenezani: kodo! kodo! kodo! Misumari ikafuata: ngo! ngo! ngo! Wakatoka wote wawili, maana mke wa Fisi naye alikuwa na kazi ya kusaidia kulia.

Mzee Kakakuona akafungua jicho, kisha akajikunjua. Jiko lilikuwa safi kabisa. Fisi habakishi mfupa. Lakini ukutani, karibu na mafiga, mwiko ulikuwa umetundikwa kwenye pembe ndogo nyeusi iliyokatika ncha.

Aliijua pembe hiyo. Siku redio ya kwanza ilipofika Vichuguuni, Digidigi alikuja mbio kusikiliza, akajigonga kwenye mlango wa Kakakuona, ta! Ncha ikabaki mlangoni. Walicheka siku nzima, hata habari zenyewe hawakuzisikia.

Mzee akausogeza mwiko, akaishusha pembe. Alitamani kulia, lakini akaona kulia kutamchelewesha. Akachimba ukuta kwa kucha zake mpaka akatoka nje, akashika njia ya makaburini.

Huko Fisi alikuwa amesimama juu ya shimo, jino linamuuma, anahutubia.

"Tulimpenda sana Mzee Kakakuona! Sasa amelala humu kwa amani!"

"Nani amelala humo?"

Watu wakageuka. "Yalaa!" Kasuku akadondoka kutoka mtini.

"Nimekuja kumuaga marehemu," alisema Mzee Kakakuona. "Fungueni."

"Ha... hatufungui!" alisema Fisi. "Ni utaratibu! Magonjwa!"

"Maiti mwenyewe nimeruhusu."

Nungunungu hakungoja zaidi. Alichomoa mwiba wake mnene, akauingiza chini ya kifuniko, akakikandamiza. Kwaaa! Mawe yakamwagika, kodo, kodo, kodo, yakabingirika mpaka miguuni pa watu.

Kisha sungura mmoja akapiga ukelele akakimbilia kaburi la mama yake. Nguchiro akakimbilia la mtoto wake. Wote wakaanza kuchimba, kwa kwato na kwa kucha, na kila mahali yakasikika mawe. Fisi na mkewe wakatimka, puruuu! Hakuna aliyewafukuza, maana kila mtu alikuwa anachimba kaburi la kwao.

Bi Digidigi tu ndiye ambaye hakuchimba. Alikuwa ameketi pale pale kando ya kaburi la mumewe, mkono juu ya udongo.

"Shemeji," alisema, "na humu?"

Mzee Kakakuona, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akampa ile pembe.

Mjane akaipapasa mpaka ncha. "Aliivunjia mlangoni kwako," alisema.

"Mlangoni kwangu."

"Ungeniacha tu, shemeji. Mimi nilikuwa nimeshatulia."

"Najua."

"Nilikuwa nalala usingizi."

"Najua, shemeji. Nisamehe."

Alikohoa mpaka akainama. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Chimba basi. Usimwache na mawe ya watu."

Kakakuona akachimba. Akatoa mawe ya Fisi yote, akayatupa mbali. Bi Digidigi akaiosha pembe kwa maji aliyokuja nayo ya kunywa, akaifunga kwenye kipande cha kanga yake, akaiweka shimoni mwenyewe. Ilikuwa ndogo sana kwenye shimo lile. Wakaifukia.

"Siku yangu ikifika mnioshe nyinyi wenyewe," alisema. "Na jeneza liwe wazi. Wote wanione, hata kama nimekonda."

"Tutakuosha, shemeji. Tutakuaga."

Na siku yake haikukawia. Walimwosha, wakamuaga wote, wakamlaza ubavuni mwa ile pembe. Jeneza lilikuwa jepesi, na halikutoa sauti yoyote.

Jioni ya mazishi hayo Mzee Kakakuona aliwasha redio. "Kriii! Kriii!" alisema Kasuku, ambaye husema kila anachopewa. "Habari njema ng'ambo ya mto! Imefunguliwa kampuni mpya ya mazishi, jina lake Lala Unono! Bure kabisa! Jeneza halifunguliwi!"

Mzee akaizima. Akavaa viatu, akachukua fimbo, akapitia makaburini bila mkeka.

"Digidigi, leo sikai," alisema. "Habari za leo nazipeleka ng'ambo. Huko bado wanasikiliza redio."

Akashika njia ya mtoni, mdogo mdogo, akigombana na mashimo ya barabara iliyotengenezwa.

Basi nanyi, wanangu, mkimwona anayewazikia bure na kuwakataza kufungua jeneza, mtazameni tumbo kabla ya machozi.