Amplifaya Iliyofunikwa Kitambaa

Soma taratibu mpaka mwisho, halafu mtumie yule jirani anayechungulia kwako kupitia pazia. Anajijua.

Tabora, mtaa mmoja wa karibu na reli, alikuwepo bwana akiitwa Mihayo. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, ikiwashwa sahani zinacheza kabatini mpaka nyumba ya saba. Nyumba bati jipya, geti la chuma, tumbo la mtu anayeshiba. Hakukosa kitu. Ila kila Jumapili baada ya chakula cha mchana roho yake ilikuwa inaungua kama mshikaki uliosahaulika jikoni.

Kilichomuunguza ni mama yake mzazi, Bi Nyamizi. Macho ya mama yalishakwisha zamani. Lakini Jumapili ikifika anashika fimbo yake, kwapani kabeba santuri iliyoviringishwa kwenye khanga, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Kwenye santuri ile alipiga marehemu mumewe, Mzee Kapalata, baba yake Mihayo, mpuliza tarumbeta ambaye akipuliza hata treni ya Kigoma ilikuwa inachelewa kuondoka. Usibishe. Waliochelewa nayo bado wapo.

Na jirani mwenyewe ni nani? Kasubi, fundi redio. Mtu wa mashati mawili, moja la kazi, moja la Ijumaa. Tena mdogo kwa Mihayo kwa mwaka mzima!

Lakini Kasubi alikuwa na kitu. Daktari mmoja mgeni alipofungasha kurudi kwao alimwachia spika za ajabu. Si masanduku kama haya yetu. Ni bapa, ndefu kama milango miwili, ukisimama mbele unaona taa iliyo nyuma yake. Ndani mna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na zenyewe zinachomekwa kwenye umeme kama pasi. Zikiimba, unataka kumkaribisha mwimbaji maji ya kunywa.

Siku moja Mihayo akashindwa kuvumilia.

"Mama, kwangu kuna redio ina taa za rangi saba. Kwa Kasubi unafuata nini?"

"Kwako nasikia kelele, mwanangu. Kwa Kasubi namsikia baba yako akivuta pumzi kabla hajapuliza."

Neno lile lilimkaa Mihayo kooni kama mwiba wa perege. Siku tatu hakula. Yaani alikula, lakini sahani mbili tu.

Jumapili iliyofuata akajifanya anapita kumsalimia jirani. Macho yake hayakwenda kwenye spika, yalikwenda pembeni, kwenye meza ndogo. Pale palikuwa na amplifaya, lile sanduku linalozipa spika nguvu. Ilikuwa imefunikwa mbele kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni.

"Jirani, hiyo ni amplifaya gani?"

"Ya kawaida tu, kaka Mihayo."

"Ifunue basi niione."

"Iache ilivyo, kaka. Karibu kahawa."

Mihayo hakunywa hata funda. Alitoka anaongea peke yake njia nzima. "Ananificha! Mtu hafichi cha kawaida. Ile ni ya Ulaya, ndani dhahabu tupu."

Akampigia shemeji yake aliyeko Dubai. Miezi miwili haikuisha, spika bapa zikafika Tabora, ndefu kuliko za Kasubi kwa shibiri nzima. Alizipima mwenyewe kwa mkono. Ikabaki amplifaya. Akapanda basi mpaka Mwanza, akaingia duka la vifaa vya muziki.

"Nataka amplifaya yenye wati nyingi kuliko zote."

Muuza duka, dada mmoja mpole, akamuuliza, "Spika zako za aina gani, mzee wangu?"

"Zinakuhusu nini? Bapa, za utando."

"Hapo ndipo penye kazi. Spika za utando zina tabia yake. Sauti ikipanda juu kabisa, ile nyembamba, ndipo zinapoielemea amplifaya kupita kiasi. Usifuate wati zilizoandikwa usoni. Inatakiwa isiyokimbia mzigo. Niletee spika moja, au nieleze vizuri, nikutafutie inayoelewana nazo."

"Jirani yangu ana wati ngapi?"

"Mzee, simjui jirani yako."

"Basi nipe mara mbili ya zake."

Dada akacheka, akadhani ni utani. Mihayo hakucheka. Alirudi na lidude kubwa kama jokofu, lina mishale miwili inayoruka na wati zisizohesabika. Mke wake, Bi Sikujua, akaamriwa afume kitambaa kikubwa kuliko cha Kasubi.

Jumapili ikafika. Mtaa mzima ulialikwa. Mbuzi akachinjwa, pilau likanukia mpaka stesheni. Kasubi naye alikuja, akakaa karibu na mlango. Bi Nyamizi akawekwa kiti cha mbele, mikono mapajani, kama bibi harusi anayesubiri kuitwa.

"Leo mama yangu amerudi kwake!" Mihayo akatangaza, jicho kwa Kasubi. Kisha akaweka santuri.

Magitaa yakaja, safi. Ngoma ikaja, safi. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Ikasikika pumzi ya Mzee Kapalata, kweli kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya kiti. Tarumbeta ikapanda juu.

Tap! Taa nyekundu. Kimya.

"Ni kitambaa hiki!" Mihayo akakinyofoa na kukitupa. "Bi Sikujua, umefuma kizito!"

Akawasha tena. Magitaa, ngoma, pumzi, tarumbeta juu. Tap! Mara ya tatu ikatoka harufu, halafu moshi, na mishale ikalala chini na haikuamka tena.

"Mihayo," akasema mzee mmoja mtani wake, mdomo umejaa pilau, "hizo wati zimekwenda kunywa chai?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Bi Nyamizi hakucheka. Alikuwa ameinua uso.

"Alishavuta pumzi," akasema taratibu. "Mbona mmemkata?"

Nakwambia Mihayo alitamani sakafu ipasuke. Akageuka kumtazama Kasubi, maana kama yupo wa kufurahi, ni yule. Kiti cha Kasubi kilikuwa kitupu.

Haikupita muda, Kasubi akaingia anayumba, kifuani kakumbatia amplifaya yake na kitambaa juu.

"Umekuja kunicheka kwangu?" Mihayo akafoka.

"Mama anasubiri, kaka. Shika upande huo, hii kitu ni nzito."

Wakaiweka mezani, Kasubi akaunganisha nyaya. Magitaa. Ngoma. Pumzi. Na tarumbeta ikapanda, ikapanda, ikapita juu ya paa, na ile amplifaya haikukohoa hata kidogo. Bi Nyamizi alilia bila sauti mpaka wimbo ulipokwisha.

Kisha akasimama, akapapasa kumtafuta Kasubi amshukuru. Mkono wake ukakosea, ukatua juu ya amplifaya. Ukateleza pembeni, ukafika kwenye kona, ukasimama.

"Kasubi, hii kona imebonyea."

"Niliikuta hivyo, mama."

"Ilianguka kwenye lori tulipohama kutoka Sikonge. Kapalata alilala njaa siku ile kwa uchungu. Hii nimeifuta vumbi miaka ishirini."

Mihayo akavuta kitambaa.

Chuma cheusi, vitufe viwili, kona imeingia ndani. Akaikumbuka pale pale. Mwaka aliponunua redio yake ya taa za rangi saba, alimpa mnunuzi wa chuma chakavu hili sanduku la baba yake, akapewa beseni mbili za plastiki. Moja ilishapasuka.

"Niliikuta juu ya mizani ya yule wa chuma chakavu, kaka," Kasubi akasema kwa sauti ndogo, ya watu wawili tu. "Akaniambia imetoka kwako. Nikaitengeneza, nikaifunika usoni, nikasema usije ukaona haya mbele za watu. Ichukue. Ni ya baba yako."

Miezi yote ile Mihayo alikuwa hapati usingizi kwa kukionea kijicho kitu alichokitupa kwa mkono wake.

Alikunja kile kitambaa vizuri, akakitia mfukoni.

Siku hizi ukipita mtaa ule Jumapili mchana utaona kitu. Juma hili wanasikiliza kwa Kasubi, juma lijalo kwa Mihayo. Na anayevusha amplifaya barabarani ni Mihayo mwenyewe, tumbo na yote, jasho linamtiririka kama mvua ya masika, mama yake ameshika shati lake kwa nyuma. Haifuniki. Anataka kila mtu aione.

Funzo: Kijicho hukufanya ukitamani kwa jirani kile ulichokitupa mwenyewe; kabla ya kuuliza mwenzio ana nini, uliza chako kinahitaji nini.