Mkeka Uliorudi kwa Mnana

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Paukwa mkeka, pakawa kesi.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na simu. Msiniulize walizichajia wapi. Walikuwa nazo, na soko lao lilikuwa humo humo kwenye simu. Unaona picha, unaagiza, Punda anakuletea mlangoni. Mkuu wa soko alikuwa Kasuku, na malipo yote yalikaa ghalani kwake mpaka mnunuzi aseme ameridhika.

Basi Mama Mnana, yule ndege fundi wa kusuka, alisuka mkeka mzuri ajabu. Alitaka kapu la mtama wa mbegu, maana mawingu yalikwisha kujikusanya na wanawe hawakuwa na punje ya kupanda. Akaupiga picha, akauweka sokoni.

Beberu akauagiza. Kapu la mtama akaliweka kwa Kasuku, Punda akampelekea mkeka.

Beberu akaulalia. Akaozesha binti, wageni mabeberu watupu wakaukalia. Akafiwa na shangazi, waombolezaji wakaukalia. Kisha akaukung'uta, akaukunja, akampa Punda.

"Mrudishie mwenyewe. Rangi si ile ya kwenye picha. Sijaukalia hata mara moja!"

Mnana alipoukunjua, lo! Machozi yakamtoka. Harufu ya beberu mnaijua? Basi hiyo hiyo, ongeza ya harusi na ya matanga.

Akampigia Kasuku. "Mheshimiwa, mkeka wangu umetumika. Unanuka!"

"Mpendwa mteja, malalamiko yako tumeyapokea. Tuma picha."

Akatuma. Mkeka unang'aa, rangi zote zipo. Akapiga tena. "Mheshimiwa, harufu haionekani kwenye picha. Njoo unuse."

"Mpendwa mteja, malalamiko yako tumeyapokea. Tuma picha."

Akapiga mara ya tatu. "Harufu naipigaje picha, baba? Kwangu ni mti wa pili tu kutoka kwako!"

"Mpendwa mteja, malalamiko yako tumeyapokea. Picha tumeiona. Mkeka ni mpya. Mtama tumemrudishia Beberu."

Jamani, inakera! Mimi ninayesimulia tu nakereka, sembuse Mnana. Alikaa akalia, na wanawe wakamzunguka. "Mama, tunapanda lini?"

Siku hazigandi. Kasuku akaletewa habari kwamba wakwe wanakuja kumposa binti yake. Atawakalisha wapi? Akampigia Mnana, anataka mkeka.

"Ninao mmoja tu," Mnana akasema. "Ule ule aliourudisha Beberu. Nakwambia mapema, Mheshimiwa, unanuka. Njoo kwanza uunuse."

"Aa, nyie wauzaji kwa kulalamika! Picha si niliiona? Ni mpya. Nimesharidhika, chukua mtama wako, mpe Punda mkeka."

Mnana akampa Punda mkeka. Mtama ulipofika akawaita wanawe, wakashika njia ya shamba.

Wakwe wakaja, wakakaribishwa, wakaketi. Mshenga akafungua mdomo aseme neno, akapiga chafya. Shangazi mtu akajiziba kwa bawa. Baba wa kijana akavumilia, akavumilia, mwisho akainuka.

"Bwana Kasuku, umetukaribisha nyumbani au zizini?"

Wakaondoka na posa yao. Hata chai hawakuigusa. Binti akajifungia ndani akilia.

Kasuku akashika simu. "Mnana! Mkeka wako unanuka! Umenivunjia posa! Nataka mtama wangu!"

Mnana alikuwa shambani. Mbegu zimeshafukiwa, na tone la kwanza la mvua limemwangukia mgongoni.

"Mpendwa mteja," akasema, "malalamiko yako tumeyapokea. Tuma picha."

Na Beberu? Tangu siku ile hakuna anayemuuzia mkeka. Tazameni wenyewe, mpaka leo analala chini.

Mkuki kwa nguruwe, wanangu, mtamu. Mwenzako akikulilia, nyanyuka ukaone. Usimkalishe mtu kwenye mkeka ambao wewe mwenyewe hujaukalia.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, shauri yenu, mimi nimeshafunga duka na sipokei cha kurudishwa.