Mfuko wa Ngozi kwenye Mlima Jino

Mwaka huo mvua ziligoma, mto ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wa bondeni wakaanza kuutazama Mlima Jino kwa heshima ambayo hawakuwa nayo miaka ya neema. Juu kabisa, kwenye kilele chembamba, palikuwa na kisima ndani ya mwamba ambacho hakikukauka kamwe. Shida ilikuwa kukifikia.

Mila ya kisima hicho ilikuwa moja. Atakayetangulia kufika kileleni kwa miguu yake ndiye mgawaji, na neno lake halipingwi mpaka mvua zirudi: yeye ndiye husema nani anywe na nani asubiri. Kwa hiyo wenye moyo wa kujitolea hawakukosekana.

Simba alisema atapanda, kwani mlima wenyewe ungeona aibu kupandwa na mwingine kabla yake. Fisi alisema atapanda kwa sababu alisikia kuna safari, na safari huwa na chakula. Swala alijifunga kibuyu shingoni. Mtoto wake alikuwa amelala kivulini tangu jana, ulimi umekauka, hata kusimama hawezi. Majirani walimwonea huruma sana, ile huruma ya kukaa mbali.

Sungura, yule mwerevu, alikuja akichechemea. Alieleza kwa machozi kwamba ameteguka mguu, akawaaga mmoja mmoja, akaahidi kuwaombea akiwa kitandani. Kisha akamvuta Fisi pembeni.

"Ndugu yangu, nina nyama kavu kwenye mfuko wa ngozi, nyuma ya kile kichuguu," alimnong'oneza. "Ufunge mdomo wake kwa nguvu bila kuchungulia, uubebe. Ufungue kwenye jiwe la mwisho, chini kidogo ya kilele, Simba asikuone."

Fisi alikuwa na maswali mengi kuhusu maisha, lakini kuhusu nyama hakuwahi kuwa na hata moja. Aliaga kwamba anakwenda haja, akaukuta mfuko umejaa, akaufunga mafundo ya kutosha kumfungia ng'ombe, akaubeba. Ndani, Sungura, aliyetangulia kujificha humo, alijikunja akatabasamu. Njaa ya Fisi ingemtanguliza mbele ya wote, mfuko ungefunguliwa, naye angeruka na kumalizia hatua za mwisho kwa miguu yake, kama mila inavyotaka.

Nusu ya kwanza ya mlima mambo yalikwenda vizuri. Fisi alipanda kama anayekimbilia karamu. Simba, aliyeanza mbele, sasa alikuwa nyuma, akiketi kila kona kutazama mandhari. Ndipo mwamba uliposimama wima. Kila Fisi alipoudandia, mzigo ulimvuta akarudi chini kwa makalio. Simba akapaza sauti kutoka nyuma, akitaka kujua mfukoni mna nini, maana mfalme ana haki ya kujua.

Fisi alishtuka. Aliuning'iniza mfuko kwenye mzizi uliotokeza ukingoni, upande wa bonde, akaukalia mzizi na kujibu kwamba haoni mfuko wowote. Simba alipowasili alijitupa chini akihema, akatangaza kwamba hapo ndipo penye hadhi ya mfalme, kilele ni cha watu wadogo wadogo. Fisi naye hakubanduka, asije akamwachia Simba nyama. Swala alipita katikati yao, magoti yakimtoka damu, kibuyu shingoni, akaukwea mwamba.

Sungura alizisikia kwato zikipanda na kupotea juu. Angeweza kuitafuna ngozi, lakini chini yake palikuwa na hewa tupu. Alivumilia, mwisho hofu ikamshinda.

"Fisi, panda basi."

Fisi alikodoa macho. Hakuwahi kukutana na nyama yenye haraka ya kuliwa.

"Ni mimi, Sungura. Nivute juu, nitakueleza."

Fisi aliuvuta mfuko, akaupapasa taratibu, na furaha ikamrudia. "Kumbe hukunidanganya," alisema. "Nyama ipo."

Simba naye akapata nguvu za kuinuka. Walikuwa wakibishania paja la Sungura, ndipo Swala alipoteremka, kibuyu kimejaa. Akiwa mgawaji sasa, aliwaambia kwamba atakayemla mwenzake leo hatayaonja maji mpaka mvua zirudi. Fisi alifungua mafundo polepole, kwa huzuni ya mfiwa.

Sungura alitoka, koo limemkauka. Akakumbuka kwamba wagonjwa hupewa kwanza, akachechemea kuelekea kwenye kibuyu. Kwa bahati mbaya alichechemea kwa mguu mwingine.

"Dada Swala, hali yangu unaijua," alisema.

"Sungura mgonjwa yuko kitandani anatuombea. Alituaga mwenyewe," Swala alijibu. "Wewe ni mpanda mlima, na mpanda mlima hunywa kileleni. Kilele kile pale."

Akateremka bila kugeuka. Simba alimfuata, akijipongeza kwa safari aliyoiongoza vizuri.

Jioni mtoto wa Swala alisimama, miguu ikimtetemeka, akaomba maji tena. Alipoinua macho aliona kitu kidogo kikitambaa kwenye mwamba wa Mlima Jino, akauliza ni nani yule.

"Ni Sungura," mama yake alimwambia. "Anapanda kwa miguu yake."